Gwaride la Hela

Hela ilikuwa imebadilika rangi tena.

Sajini Mwinyimvua aliitoa ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka juu ya karatasi nyeupe mezani, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Jana, alipoifungia ndani ya mtoto wa meza kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa na wekundu wa kahawia unaofifia kuelekea dhahabu. Leo wekundu ule ulikuwa umekimbilia ukingoni, na kuzunguka tundu palikuwa na zambarau ya mwili uliovilia damu. Ufunguo ulilala kiunoni mwake usiku kucha, na hakuna aliyeingia ofisini.

"Nilikwambia, afande," alisema Konstebo Hija. Alikuwa mlangoni tangu asubuhi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, tayari kwa lolote isipokuwa kukaribia meza. "Kitu hicho hakijamaliza kazi yake."

"Na wewe umemaliza yako? Zile fomu za mahabusu ziko wapi?"

"Fomu zipo. Lakini mimi zamu ya leo sikai peke yangu na hiyo hela, hata wakinivua kofia."

Ukweli ni kwamba Mwinyimvua mwenyewe nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, na hakutaka kijana wa watu aone.

Hela ile ilikuwa sarafu ya enzi ya Mjerumani, ya nikeli, ya mwaka 1911, yenye tundu lililotobolewa kiwandani. Tofauti na wenzake, tundu lake halikukaa katikati. Lilikwenda upande, kana kwamba mashine ilipiga chafya. Mrisho, mkulima wa minazi wa Mlingotini, alifungwa hela hiyo shingoni kwa uzi mwekundu akiwa mtoto mchanga anayekataa ziwa, na tangu hapo ikawa kago yake, kinga yake dhidi ya wabaya. Aliishi nayo chini ya shati mpaka akaota mvi. Siku ya Maulidi aliaga nyumbani alasiri, akisema anapitia shambani kwanza kisha aende msikitini. Msikitini hakufika, na hakuonekana tena.

Halafu juzi hela ikarudi bila mwenyewe. Bi Sikuzani, mzee anayefagia makaburi ya kale ya Kaole, pale watu wanapoweka ubani na marashi yao, aliigusa kwa ufagio juu ya kaburi moja. Yeye ndiye aliyemfunga Mrisho kago ile zamani zile, kwa hiyo vidole vyake vililijua tundu lile mara moja. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akaja nayo moja kwa moja mpaka kituoni bila kumfungulia mtu. Hata angeifungua asingeweza kuisimulia, maana macho yake yameingia ukungu, haoni tena ila mwanga na kivuli. Lakini kabla jua halijatua, mji mzima wa Bagamoyo ulikuwa umeshajua: wenye mahali pao, mizimu ya makaburini, wamemchukua Mrisho, wamerudisha hela, nayo imekuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Nani kaiona nyeusi? Hakuna. Ila kila mtu alikuwa na shemeji aliyeiona.

Mkaguzi, Mwingereza aliyekuwa na haraka ya kufunga majalada, hakuamini mizimu. Aliamini majirani, na majirani walisema siku ya Maulidi walisikia Mrisho na mkewe wakigombana vikali. Basi mke, Mwaija, alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi gari litampeleka Dar es Salaam kushitakiwa kwa mauaji. Kesi za namna hiyo zilikuwa na mwisho mmoja, na mwisho huo ulikuwa wa kamba.

"Mlete Mwaija," alisema Mwinyimvua, akaifunika hela kwa karatasi.

Mwaija aliingia amejifunika kanga mbili, macho yamevimba. Alisalimu, akajibiwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Siku ile mligombania nini?"

"Kago yake, Bwana Sajini."

"Kago ilikufanya nini?"

"Mimi ndiye niliyeifanya. Nilikuwa nasugua masinia ya Maulidi. Ukwaju, majivu na kumbi la nazi. Yeye anaoga, ameivua kaiweka juu ya jiwe. Nikaiona imefubaa, nikasema leo siku kubwa, niifurahishe. Nikaisugua na masinia. Ikang'aa, Bwana Sajini, ungesema imetoka kwa Mjerumani asubuhi ile."

"Naye akasemaje?"

"Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Kago haioshwi kwa kitu kichachu, inaisha nguvu. Mimi natoka Fukayosi, kwetu hatukuwa na mambo ya hela. Sikujua. Akaniambia nimemvua nguo mbele ya wabaya wake. Akaondoka na hasira zake, nayo inang'aa kifuani." Alijifuta pua kwa pembe ya kanga. "Kama kafa, mimi ndiye niliyemuua. Lakini si kwa mkono huu."

"Nani mwingine aliiona ikiwa inang'aa?"

"Mimi na yeye tu. Alikuwa na aibu nayo, aliifunga kanzu mpaka kooni."

"Na tangu iletwe hapa umeonyeshwa?"

"Nani anionyeshe? Nimesikia tu huko ndani kwamba imekuwa nyeusi." Alimtazama Sajini usoni kwa mara ya kwanza. "Imekuwa nyeusi kweli?"

Mwinyimvua alimwonea huruma, na huruma ilimkera, kwa sababu huruma haiandikwi kwenye jalada. Kama mwanamke huyu anasema kweli, hela iliondoka nyumbani inang'aa ikarudi na zambarau. Kama anadanganya, basi haikusuguliwa kamwe. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa limeandikwa juu ya nikeli yenyewe, ila yeye hakuwa na macho ya kulisoma.

* * *

Kabla ya kumtafuta mwenye macho hayo, alipanda baiskeli kwenda Mlingotini. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri, barabara imegeuka uji, na alifika kwa Rajabu suruali imejaa matope hadi magotini.

Rajabu, kaka yake Mrisho, ndiye aliyekwenda kutoa taarifa polisi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ndevu amezichana, na tasbihi haikumtoka mkononi. Nyumba yake na ya mama yao, Bi Ashatu, zilikuwa katika kiwanja kimoja pembeni ya shamba la minazi ambalo marehemu baba aliwaachia wote wawili. Walikuwa na ugomvi wa mpaka, wa miaka. Rajabu mwenyewe hakuuficha.

"Ndugu hugombana, Sajini. Lakini damu ni damu. Ningempa shamba lote ili arudi."

"Mara ya mwisho kuiona ile hela ni lini?"

Tasbihi ilisita, ikaendelea. "Tangu utoto. Tulikuwa tunaoga pamoja mtoni, naiona inaning'inia. Tukiwa watu wazima nani amfunue mwenziwe shati?"

"Na tangu ilipookotwa?"

"Sijaiona. Iko kwenu."

"Nayaandika maneno yako kama ulivyoyasema."

"Andika." Rajabu alitazama chini. "Ila mimi nakwambia, usihangaike. Wenye mahali pao wamemchukua. Kama kuna mkono wa mtu, basi ni wa yule aliyemvua kinga yake."

"Kinga ilivuliwa vipi?"

"Si wanasema waligombana kwa ajili ya kago? Majirani wamesikia."

Hilo lilikuwa jibu zuri, halina kasoro. Mwinyimvua aliomba maji ya kunawa miguu. Akangoja. Akangoja sana. Mwishowe akamwona Somoe, mke wa Rajabu, akija kutoka mbali kwenye njia ya minazi, ndoo kichwani, jasho linamtiririka. Njiani alikipita kisima cha kiwanja chao wenyewe, hatua chache tu kutoka jikoni. Kilikuwa kimefunikwa kwa magogo ya minazi, na juu ya magogo mawe ya matumbawe.

"Kisima kimekuwaje?"

"Kimeingia chumvi," alisema Rajabu. "Nimekifunga, watoto wasije wakanywa maji yake wakaumwa matumbo."

Bi Ashatu, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliguna. "Maji ya mume wangu hayakuwahi kuwa na chumvi. Hata mwaka wa ukame. Mimi naletewa maji ya watu uzeeni."

"Mama, ni kwa faida yako," alisema Rajabu kwa upole.

Mwinyimvua alinawa. Wakati anaondoka upepo ulitulia ghafla, makuti yakanyamaza yote kwa pamoja, na katika ukimya ule akajikuta anakitazama kisima kile bila kujua kwa nini. Kuku walikuwa wakichakura kiwanja kizima, ila pale hapakuwa na hata mmoja. Alijiambia kuwa kuku nao wana mambo yao, akapanda baiskeli.

* * *

Mzee Bwanausi alikuwa karani wa forodha kabla hajastaafu, na miaka yote aliyotumika bandarini aliitumia kutazama sarafu za watu. Sasa aliishi peke yake nyuma ya soko la Bagamoyo na sarafu zake mwenyewe, kila moja ndani ya kibahasha chake. Watu walimwona kichaa. Yeye aliwaona washenzi, kwa hiyo walikuwa sawa.

Mwinyimvua alimwamkia, akaitikiwa marahaba, na bila maneno mengi akaifunua bahasha ya kaki juu ya meza ya mzee.

Bwanausi hakugusa. Alivaa glavu nyeupe za kazini zilizochakaa vidole, akaishika hela kwa ukingo, akainua kioo cha kukuzia. Uso wake ukabadilika.

"Nani kakupa hii?"

"Mimi ndiye ninayeuliza, mzee wangu."

"Basi uliza vizuri, maana hii nimeilea mimi mwenyewe, na niliikabidhi kwa mtu ambaye si wewe."

Sajini alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Niambie kwanza ilisuguliwa au haikusuguliwa."

"Ilisuguliwa!" Mzee alisema kwa uchungu wa mtu anayesimulia msiba. "Tazama chini ya rangi. Tazama mikwaruzo. Inazunguka, inazunguka, kama mtu anavyosugua sinia. Mkono wa mwanamke wa nyumba njema, na majivu. Hela imekaa na mtu miaka arobaini, imevaa utando wake wa kijivu, mzuri, wa heshima, halafu mtu anaupangusa kwa asubuhi moja! Ningekuwa hakimu ningemfunga."

"Wapo wanaotaka kumfanya zaidi ya hayo," alisema Mwinyimvua. Mwaija alikuwa amesema kweli. "Na rangi hii?"

"Yangu. Hela ililetwa inang'aa uchi, ikataka kurudishiwa uzee wake. Ziko njia za kihuni. Wapo wanaoichoma motoni, wapo wanaopaka wino, rangi ya viatu, dawa kali, wote wanaua. Mimi siui. Kwanza naiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha spiriti, kutoa mafuta ya vidole, maana kidole kimoja kikibaki utakiona milele. Naikausha kwa kuigandamiza tu na kitambaa, siisugui. Halafu nachemsha yai, nakivunjavunja kiini chake likiwa bado moto, nakiweka ndani ya mkebe, na hela pembeni juu ya karatasi. Wasigusane. Nafunika. Mvuke wa yai ndio unaofanya kazi, na mimi kila mara nafunua nachungulia. Inaanza manjano, inakwenda wekundu, inakwenda zambarau. Ukizidisha inakuwa mbaya kama kidonda. Unaitoa mapema, unaisuuza kwa maji ya mvua, unaiacha. Mengine wakati unayamaliza wenyewe: unaitia kwenye bahasha, miezi, na inatulia kijivu."

"Bahasha kama hii ya kaki?"

"Hiyo hiyo. Karatasi hizo za bei rahisi zina kiberiti ndani yake, kile kile cha mvuke wa yai, zinaendelea kuipika polepole. Kwani imebadilika ikiwa kwako?"

"Kidogo," alisema Sajini, akifikiria uso wa Konstebo Hija, na wake mwenyewe. "Mbona haikufika kijivu?"

"Kwa sababu mwenyewe hakuwa na subira. Nilisema iache mpaka itulie. Akakataa. Akanyoosha mkono tu, nikampa."

"Nani?"

Mzee aliiweka hela chini taratibu. "Hilo ndilo sipendi kulisema jua likizama."

"Lisemee ndani ya nyumba basi."

"Mwanamke. Buibui, uso umefunikwa wote. Alikuja magharibi mara zote mbili, watu wakiwa msikitini. Hakuzungumza, alinong'ona. Na mlango huu wa kwangu, Sajini, wanawake wote hupita wima. Yeye aliinama. Tena hakuwa na harufu. Wiki ya Maulidi, mwanamke wa pwani bila udi, bila asumini, bila hata mafuta ya nazi! Alipoondoka nilisoma Kulhuwallahu mpaka nikalala."

Nje muadhini alikuwa anaadhini, na wote wawili wakaugeukia mlango ule mfupi kwa pamoja. Hapakuwa na mtu.

Mwinyimvua aliona mambo mawili, na lililomtisha si jini. La kwanza ni kwamba mrefu wa kuinama mlangoni hakuwa Mwaija, aliyemfika yeye begani. La pili ni kwamba Mkaguzi akisikia neno 'mwanamke' hatasubiri kusikia la urefu. Ushahidi huu, ukipelekwa mbichi, utamnyonga yule aliyetaka kumwokoa. Na kumtambua mtu aliyefunikwa uso ni kazi ambayo mzee huyu angeapa asiifanye.

"Ukiletewa hela hii miaka kumi baadaye, utaijua?" aliuliza, akitafuta tu la kusema.

"Nikiangalia tundu, ndiyo. Kwa rangi, hapana. Nitakukatalia kabisa. Mtu huijua sarafu kwa sura aliyoiona mwisho."

Sajini alisimama. Akakaa tena. "Mzee wangu, unazo nyingine za mwaka huu?"

"Ninazo. Kwa nini?"

"Nataka kuziazima. Na kesho asubuhi nataka uje nazo, maana najua hutanipa peke yangu."

"Hilo umelijua vizuri," alisema Bwanausi.

* * *

Gari la mahabusu lilikuwa na njia moja tu ya kwenda Dar es Salaam, na njia hiyo haipiti mbali na Mlingotini. Mwinyimvua alimwambia dereva kwamba sheria inataka familia itambue mali ya aliyepotea kabla mshitakiwa hajaondoka. Dereva hakuijua sheria hiyo. Wala Sajini mwenyewe.

Walisimama nje ya nyumba ya Bi Ashatu, injini ikinguruma. Jumbe wa kijiji aliitwa awe shahidi. Chumbani, juu ya mkeka, Mwinyimvua aliweka sinia, juu yake kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa hela za 1911 za nikeli. Moja ilikuwa inang'aa. Moja ya kijivu, imefubaa. Moja nyeusi ti, iliyookolewa na Bwanausi kwenye majivu ya nyumba iliyoungua. Moja ya kijani, ya baharini. Na ile ya zambarau. Kila moja ilizungushiwa uzi mwekundu, mzito, tundu lisionekane wala lisipapaswe. Bwanausi alikaa pembeni na glavu zake, akizilinda kama kuku mwenye vifaranga.

"Mmoja mmoja," alisema Sajini. "Anaingia, ananionyesha hela ya Mrisho, anakaa kule ukutani, hasemi kitu."

Bi Ashatu aliingia kwanza. Hakusita. Aliigusa ile ya kijivu kwa ncha ya kidole, akakiweka kidole kile kwenye midomo yake, akaenda kukaa.

Akaja Mwaija, Konstebo Hija nyuma yake. Alizitazama zote muda mrefu, machozi yakamtoka, kisha akaonyesha ile inayong'aa.

Somoe, mke wa Rajabu, aliinama, akaonyesha nyeusi, akarudi nyuma haraka kana kwamba ingemng'ata.

Rajabu aliingia mwisho. Ilimbidi ainame kwenye mlango wa mama yake. Pembeni, Mzee Bwanausi aliacha kupumua kwa sauti. Glavu zake zilishikana.

"Nionyeshe hela ya ndugu yako, ile iliyookotwa makaburini."

Rajabu aliipita inayong'aa. Aliipita nyeusi. Mkono wake ulishuka bila kuyumba, akaiokota ya zambarau.

"Hii. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Una hakika?"

"Nisiijue mali ya ndugu yangu?"

"Mbona si nyeusi? Mji mzima unasema nyeusi. Mkeo kachagua nyeusi, kwa sababu ndivyo alivyosikia."

"Watu wanasema mengi." Alitabasamu kidogo. "Hii ndiyo yenyewe. Siku zote ilikuwa hivi."

"Haikuwa hivyo," alisema Bi Ashatu kutoka ukutani.

Ilikuwa sauti ndogo tu ya mzee. Rajabu aligeuka, akaona kwa mara ya kwanza nyuso zote zimemkazia macho.

"Mama yako kachagua kijivu, ndivyo alivyoiona mwisho," alisema Mwinyimvua. "Shemeji yako kachagua inayong'aa, kwa sababu yeye ndiye aliyeisugua siku ya Maulidi. Kila mtu kachagua aliyoiona. Wewe uliniambia, na nimeandika, kwamba hujaiona tangu utoto. Umeiona wapi ya zambarau?"

"Alinionyesha... siku ya Maulidi. Shambani. Nilisahau."

"Siku ya Maulidi ilikuwa inang'aa."

Tasbihi ilidondoka mkekani. Hakuna aliyeiokota.

"Bi Sikuzani aliyeiokota haoni rangi. Aliniletea imefungwa. Rangi hii imeonwa na mimi na konstebo wangu, na mzee huyu aliyeitia, na mtu mmoja aliyekuja kwake amejifunika buibui, akainama mlangoni." Sajini alinyoosha kiganja. "Uliikuta shingoni mwake inang'aa, na wewe unaijua imefubaa. Ukaogopa tutauliza nani kaisugua. Ukaitafutia uzee, ukaiweka kaburini ili lawama waibebe mizimu. Nirudishie hela, Rajabu."

Rajabu aliitia kiganjani mwa Sajini. Nje injini ya gari ilizimwa, na ukimya ukaingia chumbani, ule ule wa jana chini ya minazi.

"Ndugu yako yuko wapi?" aliuliza Mwinyimvua.

Aliyejibu ni Bi Ashatu. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi, maji ya watu, aliyoletewa asubuhi na Somoe kutoka mbali. Alikitazama kikombe, akamtazama mwanawe, na uso wake ukavunjika kidogokidogo, kwanza mdomo, kisha macho.

"Rajabu mwanangu," alisema. "Kwa hiyo ndiyo maana ulitukataza kisima."

Somoe alipiga ukelele. Konstebo Hija, aliyeogopa hela, hakumwogopa mtu. Alimkamata Rajabu mkono kabla hajaufikia mlango, na Rajabu hakushindana naye.

Mwinyimvua alimgeukia Mwaija amwambie kwamba yuko huru. Ilimjia, mdomo ukiwa wazi tayari, kwamba mpaka dakika ile mwanamke huyu alikuwa mshitakiwa mwenye mume, na sasa angekuwa huru, mjane; habari hiyo angempa kwa sura gani? Lakini maneno hayakuhitajika, kwa sababu Mwaija alikuwa ameshatoka nje, na walipomfuata walimkuta amepiga magoti kisimani, anayaondoa mawe ya matumbawe moja moja kwa mikono yake, anayaweka pembeni taratibu, asije akaliangusha hata moja ndani.